Tumaini la Wakristo wa Masasi Katika Siku za Dhiki, 1876–1918

Wazee wa pwani husema kwamba baada ya dhiki ni faraja. Neno hili twalipenda, nasi walimu twalitumia mara nyingi katika mafundisho, hasa tunapowazika wafu na tunapowatembelea wagonjwa. Lakini mtu akiisoma kwa makini historia ya Kanisa katika nchi yetu, ataona kwamba wako wengi waliopata dhiki wakafa kabla ya kuiona hiyo faraja. Je, hao walitumaini bure? Swali hili si la mchezo. Watu wetu hutuuliza kila mwaka mvua inapokosa, au mtoto anapokufa, au kijana anapokwenda mbali asirudi; na mwalimu asiye na jibu ila methali hawezi kumsaidia mwenye msiba.

Basi tumeona vema kuandika habari za mahali pamoja tu, yaani Masasi, tangu mwaka 1876 hata 1918. Mahali hapo Wakristo walijaribiwa mara tatu katika muda wa miaka arobaini, na kila mara ilionekana kama kwamba kazi yote imekwisha. Twataka kutazama ni kitu gani kilichowashika, wala hatutaki kuyapamba mambo kuliko yalivyokuwa.

Mwanzo wa kijiji

Masasi iko kusini mwa Tanzania, bara ya Lindi, chini ya majabali makubwa yaonekanayo toka mbali. Wenyeji wa pande zile ni Wamakua, Wayao na Wamakonde, na Wamwera wako upande wa pwani. Lakini kijiji cha kwanza cha Wakristo hakikuanzwa na wenyeji, bali na watu waliokuwa watumwa.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pa soko lile Misioni ya Vyuo Vikuu ikajenga kanisa kuu, na jiwe lake la msingi likawekwa siku ya Noeli ya mwaka ule ule. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na wengi wa waliookolewa walipewa Misioni iwatunze. Watoto walisoma Kiungani, na watu wazima walipewa mahali pa kukaa Mbweni.

Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wote wa lugha yetu wamjua kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri, aliona si vema watu hawa wakae kisiwani daima kama wageni. Wengi wao walikuwa wametoka pande za Nyasa na Ruvuma. Basi mwezi wa Oktoba 1876 akaondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Nia yake ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, wengi waliona kwamba wamekaribia kwao, na nchi ni njema. Basi wakakaa, wakakata miti, wakajenga nyumba, wakalima.

Na tukumbuke walikuwa watu wa namna gani. Wengine walikuwa wamechukuliwa wakiwa wadogo hata hawakuweza kutaja kijiji cha mama zao. Walikuwa wa makabila mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili walichojifunza Unguja. Kwa watu kama hao, kuwa na shamba, na jirani, na jina la ubatizo ambalo hakuna awezaye kuliuza, lilikuwa jambo kubwa kuliko tuwezavyo kufahamu sisi tuliozaliwa nyumbani kwetu.

Jaribu la kwanza

Mwisho wa Agosti 1882 Askofu Steere alikufa Unguja. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile alilolijenga mahali pa soko. Majuma machache tu baadaye, mwezi wa Septemba, Magwangwara, ndio Wangoni wa upande wa Songea, wakaishambulia Masasi. Wakateka mali, wakachoma nyumba, wakaua watu, wakachukua mateka.

Mtu aweza kuisoma habari hii upesi, akapita. Sisi twaomba msomaji asimame kidogo. Kijiji hiki kilikuwa kijiji cha watu waliokwisha fungwa kamba, wakapelekwa baharini, wakaokolewa, wakaambiwa kwamba sasa ni huru. Nao sasa wakaona kamba mara ya pili. Mtu angeweza kusema kwa haki kwamba amedanganywa. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa misioni ya Masasi siku zile, hakuwa na askari wa kuwalinda, na Askofu wao amekwisha kufa.

Wakafanya nini? Padre Porter alifuata mateka hata nchi ya Wangoni, akajitahidi kuwakomboa. Waliosalia walihamia Newala, wakakaa karibu na jumbe Matola aliyekuwa rafiki wa Misioni. Huko wakaanza tena shule na sala, na baada ya muda Masasi yenyewe ikakaliwa tena. Lakini si mateka wote waliorudi. Hao wasiorudi ndio watuzuiao kusema upesi kwamba baada ya dhiki ni faraja. Kwa Kanisa, ndiyo, faraja ilikuja; kwa mama aliyengoja mtoto wake hata akafa, haikuja katika dunia hii.

Tena tutaje habari ya Cecil Majaliwa. Yeye naye alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, asili yake Myao. Akasoma Kiungani, na baadaye Uingereza. Mwaka 1886, miaka minne tu baada ya kuchomwa Masasi, alitumwa Chitangali katika nchi ile ile ya kusini. Januari 1890 Askofu Smythies akamfanya kasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misioni hiyo. Alikaa Chitangali mpaka 1897. Hivyo mtoto aliyetolewa nchi ya Wayao kwa nguvu alirudi humo kwa hiari yake kuwa mchungaji wao. Hatusemi kwamba jambo hili lililipa hasara ya mateka wa 1882, kwa maana watu si mizigo ya kupimwa katika mizani. Twasema tu kwamba yeye aliijua hatari ya nchi ile kuliko mgeni ye yote, na hata hivyo akaenda.

Jaribu la pili

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, bara ya Kilwa. Twajua sasa wazi kuliko walivyojua watu wa Misioni wakati ule kwa nini vilianza: watu walichoshwa na kodi, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, na fimbo za maakida waliotumikia serikali ya Kijerumani. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa maji, nao wakaamini kwamba risasi zitageuka maji. Yeye alinyongwa mwezi wa Agosti, lakini vita vikaenea kusini yote.

Mwezi ule ule vilifika pande za Masasi. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wamisionari wa Kizungu wa Masasi waliondoka kwenda pwani, na misioni ikachomwa. Kwa mara ya pili lile kanisa likawa majivu.

Hapa imetupasa kusema neno la haki. Wale waliochoma walikuwa na dhiki yao wenyewe, na walikuwa na tumaini lao, na wengi walikufa kwa ajili yake. Hatuwezi kuwacheka kwa sababu ya maji, sisi tuliosoma. Lakini twaweza kuona hatari ya tumaini la namna ile, yaani tumaini lililofungamana na ahadi kwamba mwili hautadhurika. Risasi ya kwanza ilipopenya, tumaini lile halikuwa na mahali pa kusimama tena. Na sisi Wakristo tujihadhari, maana hata katika makanisa yetu wako wahubirio Injili kama dawa ya maji: amini, nawe hutaugua; toa sadaka, nawe hutapungukiwa. Watu wa Masasi hawakuahidiwa hivyo. Walikuwa wamekwisha kuona mwaka 1882 kwamba mbatizwa naye huuawa, na nyumba ya Mungu nayo huungua. Kwa hiyo moto wa 1905 uliwahuzunisha, lakini haukuwakanushia neno lo lote waliloamini.

Baada ya vita ilikuja njaa, iliyoua watu wengi kuliko risasi, kwa sababu majeshi ya serikali yaliharibu mashamba na ghala. Hesabu za serikali ile zilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hata 250,000 au 300,000. Katika nchi iliyokonda hivyo Masasi ikajengwa mara ya tatu.

Jaribu la tatu

Mwaka 1914 Wajeremani na Waingereza walipigana, na Waafrika wakachukua mizigo. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa katika nchi ya Wajeremani walitiwa kizuizini, wengi wao mwisho wakapelekwa Tabora. Makasisi, mashemasi na walimu Waafrika waliachwa peke yao, na si kuachwa tu. Huko kaskazini, katika Bonde na pande za Korogwe, wengi wao walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakafungwa, wengine wakapelekwa bara katika minyororo. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alikuwa mmoja wa waliofungwa, naye ameziandika habari za maisha yake katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho Ten Africans, kilichochapwa 1936. Wafungwa wa Tabora walifunguliwa jeshi la Wabelgiji lilipoutwaa mji, mwezi wa Septemba 1916.

Kusini vita vilifika kwa ukali mwaka 1917. Oktoba watu wengi walikufa katika mapigano ya Mahiwa karibu na Nyangao. Novemba majeshi yalipita Chiwata na Newala, na mwisho wa mwezi ule Jenerali Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Pande zote mbili zilitwaa chakula cha watu, na pande zote mbili zilitwaa wanaume kuwa wapagazi. Wengi walikufa njiani kwa homa, kuhara na uchovu, wakazikwa mahali ambapo ndugu zao hawapajui. Kisha mwisho wa 1918 yakaja maradhi ya mafua makali yaliyozunguka dunia yote.

Katika miaka hiyo kanisa la kusini lilishikwa na makasisi na walimu wenyeji. Mzungu hakuwapo, mshahara hakuna, vitabu vichache, nguo zimechakaa. Walibatiza, walizika, walifundisha watoto. Si kwamba walitenda makuu. Walitenda yale waliyokuwa wakitenda siku zote, katika wakati ambapo kila mtu angewasamehe kama wangeacha. Twadhani hapo ndipo siri ilipo. Mwaka 1926 Masasi ilipofanywa dayosisi, Vincent Lucas akiwa Askofu wake wa kwanza, haikuwa kazi mpya. Ilikuwa kutoa jina kwa kitu kilichokwisha kupimwa motoni.

Neno moja la lugha

Kwa kuwa wasomaji wetu hupenda kuchunguza maneno, na tuyapime haya tunayoyatumia kila Jumapili. Twasema kutaraji, kusubiri, kustahimili na kutumaini, kana kwamba yote ni mamoja, lakini sivyo. Kutaraji ni kungoja jambo ambalo mtu aona dalili zake: mkulima hutaraji mvua aonapo mawingu. Kusubiri ni kutokuwa na haraka. Kustahimili ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni kuchukua mzigo. Ndugu zake katika Kiswahili ni himila, yaani mzigo, na hamali, yaani mchukuzi, na mhimili, yaani nguzo ibebayo dari. Basi mwenye kustahimili si mtu akaaye kimya tu, bali ni mchukuzi. Ana mzigo kichwani naye anakwenda.

Na kutumaini? Katika matumizi yetu mema neno hili hupenda kuwa na mtu mbele yake. Twataraji jambo, lakini twamtumaini mtu. Mtoto humtumaini mama hata pasipo chakula jikoni. Kwa hiyo dalili zote zaweza kwisha, taraja likafa, na tumaini likabaki, kwa kuwa halikujengwa juu ya dalili. Tofauti hii ndiyo tuliyoiona Masasi. Mwaka 1882, na 1905, na 1917, hapakuwa na jambo la kutaraji. Palikuwa na wa kumtumaini.

Habari ya nyumbani

Tutamaliza kwa habari ndogo isiyoandikwa katika kitabu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa akitusimulia mambo ya mama yake katika njaa ya vita ile. Ghala lilikuwa tupu, maana askari wamekwisha pita. Wanawake walikwenda porini kuchimba ming'oko, wakarudi jioni na kidogo kikapuni. Mumewe alikuwa amechukuliwa upagazi, pamoja na wanaume wengine wa kijiji.

Kila jioni mwalimu wa kijiji, mzee ambaye majeshi hayakumtaka kwa kuwa alikuwa kiwete, aliwakusanya waliobaki, akasoma sala, kisha akataja majina ya wanaume wote waliochukuliwa, mmoja mmoja. Mwanzoni watu walifurahi kusikia majina hayo, kwa sababu walitaraji kuwaona tena. Miezi ikapita, habari za vifo zikaja, na baadhi ya wanawake wakamwomba aache, kwa maana yawaumiza. Yeye akakataa. Akasema kwamba jeshi limewaandika kwa hesabu ya mizigo, na kama kanisa nalo likiacha kuwataja kwa majina, basi kweli watakuwa wamepotea. Vita vilipokwisha, wachache walirudi. Mume wa bibi yule hakurudi. Hata uzee wake aliendelea kulitaja jina lake katika sala ya jioni, wala hakusema kwamba Mungu alimnyima jibu. Alisema, "Namtaja kwa Yule amjuaye alipolala."

Hatukulifahamu neno hili tulipokuwa watoto. Twalifahamu sasa, baada ya sisi wenyewe kuwazika wanafunzi wetu na kuona madawati yao. Bibi yule hakuwa na taraja lo lote. Lakini tumaini lake lilimchosha mauti mwenyewe, kwa maana hakumwachia jina moja.

Basi, walimu wenzetu na mapadre wetu, mtu akiwajia katika msiba na kuuliza kama faraja itakuja, msimwahidi msichokijua. Mwambieni habari za watu hawa: kwamba waliungua wakajenga, wakaungua tena wakajenga tena, na kwamba wengine wao hawakuona jengo la mwisho. Kisha msimwache na habari tu. Pigeni kengele saa ile ile ya siku zote, ijapokuwa watu ni watatu. Fungueni shule, ijapokuwa chaki imekwisha na mwalimu huandika mchangani. Chukueni ncha moja ya mzigo wake, kwa maana kustahimili ni kazi ya wachukuzi, na mzigo mzito huchukuliwa na wawili. Na jioni, mnapokusanyika kwa sala, litajeni jina la yule anayemlilia.